Python ilichukua vifaa vya fanksheni, ile ahadi yake ikabaki kwa wenyewe

Kuna ripoti niliwahi kuandikia kikundi kimoja cha akiba na mikopo, kitu kidogo tu cha Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), inasoma faili la miamala ya mwezi, inachuja ile halali, inahesabu iko mingapi halafu inajumlisha shilingi. Ikatoka hivi: miamala halali zaidi ya elfu moja, jumla yake shilingi 0. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye skrini, hakuna onyo, programu imemaliza kazi yake vizuri kabisa. Mweka hazina akaniuliza hela ziko wapi, na kwa mtu anayetunza hela za wenzake hilo sio swali dogo.

Shida ilikuwa kwenye mistari hii mitatu:

    halali = filter(ni_halali, miamala)
    idadi = sum(1 for m in halali)
    jumla = sum(m.kiasi for m in halali)

Isome taratibu. Kila mstari peke yake uko sawa, hata ukimpa mtu mwenye uzoefu anaweza kuupita bila kushtuka. Ila ili uelewe kwanini mstari wa tatu unatoa sifuri inabidi ujue Python ilivyookota vifaa vya watu wengine na kuvileta nyumbani kwake, na nini iliacha ilipokuwa inavibeba.

Tuanze na aina mbili za kupanga kazi. Kwenye kodi inayojengwa kwa obijekti unachukua data na matendo yake unaviweka kwenye chombo kimoja, hicho ndo obijekti, mfano akaunti ina salio lake ndani na ina matendo yake kama weka na toa, ukiita toa salio lile lile la ndani linabadilika. Kwenye upande wa fanksheni mambo ni tofauti, fanksheni inapokea kitu inarudisha kitu kingine kipya, haigusi cha mtu, haibadilishi kilichopo, na wewe unajenga programu nzima kwa kuunganisha fanksheni na fanksheni, kama mafundi wanaopokezana matofali kutoka chini mpaka juu ya jengo. Mawazo haya ni ya zamani kuliko kompyuta zenyewe, yanatoka kwenye hesabu za Alonzo Church miaka ya 1930 (neno lambda limetoka kwake), John McCarthy akaja kuyatumia kwenye lugha ya Lisp aliyoanza kuifanyia kazi 1958, na 1990 ikaja lugha ya Haskell ambayo imeyashika kwa nguvu zote.

Python haikutoka kwenye huo ukoo. Guido van Rossum aliianza mwishoni mwa 1989 pale Amsterdam, ikatoka kwa watu 1991, na nia yake ilikuwa lugha rahisi kusomeka ya kuandikia kazi za haraka, ambayo kila kitu ndani yake ni obijekti, namba ni obijekti, listi ni obijekti, hata fanksheni yenyewe ni obijekti. Toleo la 1.0 lilipotoka Januari 1994 likawa na wageni wanne: lambda (fanksheni fupi isiyo na jina), map (inapitisha kila kitu cha listi kwenye fanksheni), filter (inachuja) na reduce (inakusanya vyote mpaka vibaki jibu moja). Hawakuletwa na mpango mkubwa wa kuibadilisha lugha. Kuna mtu alikuwa amezoea Lisp, akavikosa hivyo vifaa, akaviandika mwenyewe vikiwa vinafanya kazi akavituma, vikapokelewa. Hapo ndo mlango ulipofunguka, na toka siku hiyo vimeendelea kuingia kimoja kimoja kwa karibu miaka thelathini.

Sasa hili ndo jambo ninalotaka tulishike mpaka mwisho. Kule Haskell hivi vifaa vinaishi pamoja na ahadi moja: kitu ukishakipa jina hakibadiliki. Kwa sababu ya hiyo ahadi haijalishi fanksheni imeitwa leo au kesho, mara moja au mara mia, jibu ni lile lile. Python ilichukua vifaa, ahadi haikuichukua, na isingeweza, maana listi za Python zinabadilika, obijekti zake zinabadilika, na nusu ya kodi yote iliyokuwepo ilikuwa inategemea kubadilika huko. Kwahiyo wewe unayeandika ndo unaibeba hiyo ahadi mwenyewe mkononi, na karibu kila bagi (kosa ndani ya kodi) la ajabu utakalokutana nalo ukichanganya hizi staili mbili linatokea mahali ulipoidondosha bila kujua.

Kabla ya mabagi niseme kwanini Python ilikuwa nyumba nzuri ya kuvipokea. Chukua listi inaitwa kapu, ukiandika `kapu.append` bila mabano hujaita kitu, umepata fanksheni mkononi, unaweza kuipa jina `ongeza` halafu ukaita `ongeza(5)` na tano ikaingia kwenye kapu lile lile. Maana yake hiyo fanksheni imebeba kapu lake tumboni. Watu wa upande wa fanksheni wana kitu hicho hicho, fanksheni inayotembea na mazingira ilipozaliwa, na ukitazama vizuri unaona obijekti ni mazingira yenye milango mingi na hiyo fanksheni ni mazingira yenye mlango mmoja. Mimi hili lilinichukua muda kuliona na nilipoliona nikaacha kabisa ule ubishi wa upi ni bora, maana vinakaribiana kuliko watu wanavyobishana.

Haya, map na filter. Tuseme una listi ya kiasi cha miamala na unataka jumla ya ile inayozidi elfu tano. Kwa njia ya lupu ya kawaida, yaani kurudia kazi ile ile kwa kila kitu kwenye listi:

    jumla = 0
    for k in viasi:
        if k > 5000:
            jumla = jumla + k

Kwa vifaa vya 1994:

    jumla = sum(filter(lambda k: k > 5000, viasi))

Fupi, sawa, lakini jicho linaanza katikati linatoka nje, ndani kuna lambda, nje kuna filter, nje zaidi kuna sum, na ukiongeza map hapo mabano yanajaa. (Hata hiyo sum yenyewe haikuwepo 1994, iliingia 2003, kabla ya hapo ungetumia reduce.) Mwaka 2000 toleo la 2.0 likaleta njia nyingine, wazo likiwa limechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Haskell, ambayo unaandika listi kama unavyoieleza kwa mdomo, na baadaye 2004 ikaja ndugu yake isiyotengeneza listi kwanza:

    jumla = sum(k for k in viasi if k > 5000)

Hii isome kwa sauti: jumlisha k, kwa kila k kwenye viasi, kama k inazidi elfu tano. Maana ni ile ile ya filter ila imevaa nguo za Python. Na hapa ndo unaona tabia ya hii lugha, wazo la kigeni linapokelewa kwa moyo mweupe lakini likishaingia ndani linafundishwa kuongea kama wenyeji. Kwa mtazamo wangu hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote ambavyo Python imewahi kuchukua toka upande ule, na nikiona mtu mpya anajilazimisha kuandika map na lambda kila mahali ili kodi yake ionekane ya kisomi namwambia asijitese, njia iliyonyooka ipo na ilitengenezwa kwa ajili yake.

Mwaka 2005 van Rossum mwenyewe aliandika kwamba anataka lambda, map, filter na reduce viondoke vyote kwenye Python 3. Reduce ndo hakuipenda zaidi, alisema ukiacha kujumlisha na kuzidisha, akiikuta mahali inabidi achukue kalamu na karatasi achore ndo aelewe inafanya nini. Watu walipinga sana. Toleo la 3.0 lilipotoka Desemba 2008 lambda ikabaki, map na filter zikabaki, reduce ikahamishiwa kwenye moduli (faili la vifaa vya ziada) ya functools, haijafukuzwa lakini ukiitaka lazima uende kuiita huko. Nadhani uamuzi ulikuwa wa haki. Lambda pia ilibaki na mipaka yake ile ile, tamko moja tu ndani yake, ukitaka mistari miwili andika fanksheni ya kawaida kwa neno def uipe jina, na jina zuri lina msaada kwa atakayesoma baada yako.

Lakini kuna badiliko lingine 2008 ambalo halikupigiwa kelele nyingi na ndo lililonimalizia ile ripoti. Zamani filter ilikuwa inakurudishia listi kamili. Kwenye Python 3 haikupi listi tena, inakupa kitu kinachotoa jibu moja moja pale unapolihitaji.

Fikiria mama anayekaanga chapati. Njia ya kwanza anaamka alfajiri anakaanga mia zote anazijaza kwenye hotpoti, mteja akija anachukua, na ukitaka kuzihesabu unafungua unahesabu, kesho unahesabu tena ziko pale pale. Hiyo ni listi. Njia ya pili hana hotpoti, ana unga na kikaango, mteja akiagiza anakaanga moja anampa, mwingine akija anakaanga nyingine. Hiyo ndo jenereta, iliyoingia Python 2001. Faida yake ni kubwa mno kwa sababu haihitaji nafasi ya kuhifadhi chapati mia, na kama wateja ni kumi tu hakupoteza unga wa zile tisini. Faili lenye mistari milioni kumi unaweza kulisoma kwenye laptop yenye memori ndogo bila kuhangaika, mstari unaingia, unachujwa, unahesabiwa, unaondoka, unaofuata unaingia. Moduli ya itertools iliyokuja 2003 imejaa vifaa vya kuunganisha mikondo ya namna hiyo na kuna kazi ambazo bila hiyo nisingeziweza kabisa kwa mashine niliyonayo.

Ila chapati ikishaliwa imeliwa. Rudi kwenye ile mistari mitatu. Mstari wa pili ulihesabu miamala halali, na ili uhesabu ilibidi ichukue mmoja mmoja mpaka uishe. Mstari wa tatu ukaenda pale pale kwenye `halali` ukakuta mkondo umekauka, na jumla ya kitu kisicho na kitu ni sifuri. Python haiwezi kukwambia hilo ni kosa kwa sababu kwake mkondo mtupu ni jambo la kawaida. Suluhisho lilikuwa mabano ya mraba tu:

    halali = [m for m in miamala if ni_halali(m)]

Jumla ikatoka, nikaipeleka kwa mweka hazina akailinganisha na daftari lake la mkono, zikaoana.

Hilo la kuisha angalau linaonekana kwa macho. Kuna lingine linalojificha zaidi:

    bei = [100, 200]
    nafuu = (b - 10 for b in bei)
    bei.append(300)
    print(list(nafuu))

Unategemea 90 na 190 kwa sababu pale ulipoandika `nafuu` bei zilikuwa mbili. Inatoka 90, 190 na 290. Kazi haikufanyika pale ulipoiandika, ilifanyika pale ulipoiomba, na katikati hapo kuna mtu amegusa listi. Kule Haskell uvivu wa namna hii hauna madhara maana listi haiwezi kuongezwa kitu nyuma ya mgongo wako, hapa unaweza kukutana na mtu kwenye faili lingine kabisa anayeshika listi ile ile. Uvivu na kubadilika vikikaa nyumba moja lazima uwe macho, na kanuni ninayojiwekea ni kwamba jenereta nikiitengeneza naitumia hapo hapo ndani ya fanksheni hiyo hiyo, sipendi kuipa jina ikazurura kwenye programu.

Lambda nayo ina lake, na hili limewakuta watu wengi sana:

    viongezi = []
    for n in [1, 2, 3]:
        viongezi.append(lambda x: x + n)

Ukiita cha kwanza kwa kumi unategemea 11. Unapata 13. Cha pili 13, cha tatu 13. Sababu ni kwamba lambda haikubeba namba, ilibeba jina. Ni sawa na kumwelekeza mtu kwamba ukifika kona ile muulize fundi aliyekaa pale, halafu wewe unamwazia fundi wa leo, yeye anafika jioni amekaa mwingine. Lupu ilipoisha aliyekaa kwenye jina n ni tatu, na fanksheni zote tatu zinakwenda kumuuliza huyo huyo. Dawa yake ni kuandika `lambda x, n=n: x + n`, hapo thamani inashikwa siku ile ile fanksheni inapozaliwa, na majibu yanakuwa 11, 12 na 13.

Hiyo dawa ina historia yake ambayo mimi inanivutia. Lambda ilipoingia 1994 fanksheni ya ndani ya Python haikuwa na uwezo kabisa wa kuona majina ya fanksheni iliyoizunguka, iliona ya kwake na ya faili zima basi, kwahiyo ule mtindo wa n=n ndo ulikuwa njia ya kupenyeza thamani ndani. Uwezo wa kuona nje ulikuja kuwa wa kawaida toleo la 2.2 mwaka 2001, na uwezo wa kulibadilisha jina la nje kwa neno nonlocal ukangoja mpaka 3.0. Yaani vifaa viliingia kwanza, misingi inayovifanya vikae sawasawa ikaja kufuata kidogo kidogo nyuma yake.

Na ile ahadi je, Python haina kabisa? Inayo kwenye vipande. Tuple (kama listi ila imefungwa) haibadiliki, namba na maandishi hayabadiliki, frozenset (seti iliyogandishwa) ipo toka 2004, na kuanzia 3.7 ya mwaka 2018 unaweza kuandika dataclass (obijekti ya kutunzia rekodi) ukaiwekea frozen=True na mtu akijaribu kubadilisha uga wowote, yaani sehemu yoyote ya rekodi, anapata kosa papo hapo. Hii naipenda sana kwa rekodi za hela, muamala ukishatokea umetokea, ukitaka kurekebisha unaandika mwingine mpya kama wahasibu wanavyofanya, haufuti. Kitu kimoja tu ukichunge, kufuli hilo ni la mlango wa mbele, ukiweka listi ndani ya hiyo rekodi iliyogandishwa, uga wenyewe huwezi kuubadilisha kuwa listi nyingine lakini listi iliyomo ndani bado inapokea append kama kawaida. Weka tuple badala yake.

Mahali ambapo Python yenyewe inakudai ahadi ni kwenye lru_cache, iliyoingia 3.2 mwaka 2011. Unaiweka juu ya fanksheni, nayo inakumbuka majibu, ukiuliza swali lile lile mara ya pili haifanyi kazi upya. Ukijaribu kuipa listi kama ingizo inakataa, inasema kitu hicho hakifai kuwa ufunguo, kwa sababu itakumbukaje jibu la kitu ambacho kesho sio kile. Lakini inachunguza kinachoingia mlangoni tu. Fanksheni yako ikiwa kwa ndani inasoma kiwango cha riba kutoka kwenye kigeu cha nje na kiwango kikabadilika, itaendelea kukupa jibu la zamani kwa utulivu kabisa, na kwenye mambo ya mikopo hiyo ni hatari ya kweli. Kiwango kipitishe kama ingizo, basi limekwisha.

Kuna kifaa kimoja ambacho kiligongewa mlango mara nyingi hakikufunguliwa. Kwenye lugha za fanksheni watu hawaandiki lupu, fanksheni inajiita yenyewe mpaka kazi iishe, na nyingi kati ya lugha hizo zina ujanja wa kufuta hatua iliyopita ili memori isijae. Python inakata kwenye hatua kama 1000 usipobadilisha mpangilio. Van Rossum alieleza msimamo wake 2009: ukifuta hatua zilizopita, kosa likitokea ule mlolongo unaoonyesha limepita wapi mpaka kufika hapo unakuwa na mapengo, na mtu anayetafuta bagi anapotea. Mimi namuunga mkono. Mlolongo ule umeniokoa mara nyingi kuliko idadi ya siku nilizotamani fanksheni ijiite mara elfu kumi, na kwa hizo siku chache lupu ya for ilitosha.

Siku hizi kazi kama ile ya kikundi naipanga hivi. Pembeni kabisa, kule kunakosomwa faili au kuandikwa kwenye database, naweka obijekti, kwa sababu huko ndo kuna vitu vinavyofunguliwa na kufungwa na kubadilika kweli. Katikati, kwenye kuchuja na kujumlisha na kukokotoa riba, ni fanksheni tupu zinazopokea tuple za rekodi zilizogandishwa na kurudisha kitu kipya. Na kila fanksheni ya katikati ina jaribio moja la ziada ambalo halina ufundi wowote: naiita mara mbili kwa ingizo lile lile nalinganisha majibu. Yakitofautiana najua kuna kitu ndani kimeliwa au kimebadilishwa, na naanza kutafuta kwenye kila filter, map na jenereta iliyopewa jina.